Barua Kutoka Ughaibuni: Tiketi ya Sinema ya Kwetu

Silver Spring, Maryland

Jamaa zangu wa Kapkatet, Litein, Sotik na Bomet,

Najua bonasi ya chai ikiingia huwa kila shilingi imeshapangiwa kazi: karo, mbolea, deni la dukani. Hata hivyo nawaomba mnitengee kidogo, bei ya tiketi moja ya sinema. Nitawaeleza sababu.

Huku ninakoishi kuna barabara iitwayo Georgia Avenue, inayopita kwetu Silver Spring na kuingia Washington. Ukiifuata unafika Chuo Kikuu cha Howard, na ng'ambo yake kuna duka la vitabu na filamu, Sankofa. Wenyewe ni Haile Gerima, mwongozaji filamu kutoka Ethiopia aliyefundisha Howard miaka mingi, na mkewe, Shirikiana Aina. Ningependa kila kijana wa kwetu mwenye kamera ajue duka hilo lilivyopatikana.

Mwaka 1993 Gerima alikamilisha filamu aliyoiita Sankofa, inayomrudisha mwanamke mweusi wa siku hizi kwenye shamba la watumwa. Ilishindanishwa katika tamasha la Berlin, lakini Marekani hakuna msambazaji aliyeitaka. Basi mume na mke wakakodi ukumbi wa sinema hapa Washington, wakaionyesha wenyewe. Watu wakajaa wiki baada ya wiki. Habari zikaenea, na katika miji mingine Wamarekani weusi wakaunda kamati, wakachanga, wakakodi kumbi zao. Kutokana na mapato hayo, duka lilifunguliwa mwaka 1998. Mwaka 2019 kodi ya jiji kwa jengo lao ilipowaelemea, wateja walisimama nao mpaka baraza la jiji likawapa nafuu. Na mwaka 2021 filamu ile iliyokataliwa ikaingia Netflix kupitia ARRAY, kampuni ya mwongozaji mweusi Ava DuVernay. Waliokata tiketi wakati ule ndio walioiweka hai miaka yote hiyo.

Kila nikiingia dukani humo nawaza Kapkatet. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakamwimbia Chemirocha, wimbo wa kumsifu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika kijijini kwa santuri. Wao walimwona kuwa nusu mtu, nusu paa. Wimbo ukazunguka dunia, ukapendwa na watu wasioijua hata njia ya Kericho. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba ya muziki ya ILAM, Afrika Kusini, kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuurudisha kijijini. Msichana aliyekuwa na miaka 15 siku ile, kama alijaliwa uhai, alikuwa anakaribia 80. Namshukuru Tracey kwa kuuhifadhi. Lakini inaniuma kwamba sauti za mama zetu zilikaa mbali nasi muda wote huo.

Februari 2023 dunia ilituona tena, safari hii kwa picha. Zaidi ya wanawake 70 waliiambia BBC jinsi wasimamizi walivyowanyanyasa kingono katika mashamba ya chai. Ilikuwa kazi ya ujasiri, na mwanahabari wake, Tom Odula, ni Mkenya. Lakini aliyegharimia yuko London. Je, nani atagharimia filamu ya ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliuhamishia Gwassi kuanzia mwaka 1934? Ya wachumaji chai wanaoona mashine zikichukua nafasi yao? Ya mwanamuziki wetu Kipchamba arap Tapotuk na gitaa lake?

Mafundi tunao. Wanuri Kahiu aliifikisha filamu yake Rafiki kwenye tamasha la Cannes mwaka 2018. Softie, filamu ya Sam Soko, ilipata tuzo ya uhariri kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020. Nairobi kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge, unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi Afrika Mashariki. Vijana wa Bomet, pelekeni maombi yenu huko. Na mkipata mtu wa kuwalipa, msitie saini kabla ya kusoma ni nani atakayemiliki filamu ikikamilika.

Sisi tulio nje tunachangiana harusi, matanga na karo bila kusukumwa. Naona tunaweza kuchangia filamu pia. Nimeanza kuzungumza na wenzangu wa Kericho na Bomet walio huku: Disemba tukija likizo tukodi ukumbi Litein, tuonyeshe filamu ya Mkenya kwa idhini yake, kila mtu alipe mlangoni, na mapato, tukishatoa kodi ya ukumbi, yaende kwa mwenye kazi. Projekta nitakuja nayo. Atakayetuulizia ukumbi wenye umeme wa uhakika na viti vya kutosha aniandikie mapema. Na kijana mwenye filamu yake fupi, hata ya dakika 10, ailete ianze kabla ya ile kubwa, naye atalipwa.