Usipoziba Ufa

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilimchapa mvulana mmoja viboko vitatu kwa sababu hakunakili kazi ya ubaoni. Alikuwa akisugua macho mfululizo, nami nikadhani ni uvivu. Chuoni Chang'ombe tulifundishwa saikolojia ya mtoto na maandalio ya somo, lakini macho ya mtoto sikuyatilia maanani. Mvulana yule aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba. Sijui aliumwa nini, maana sikumwuliza.

Nilimkumbuka pale mjukuu wangu wa miaka 16, ninayeishi naye hapa Mbagala, alipobadilishiwa miwani mara ya tatu katika miaka miwili. Tangu utotoni ana mzio wa macho, na vumbi letu halina huruma. Kusugua kukawa desturi yake. Daktari alisema ni keratokonasi. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, huwa nyembamba na kuchomoza kama pia, hata mwanga ukaingia umepindapinda. Ugonjwa huu huanza zaidi katika ujana, na kusugua macho huuchochea.

"Mwalimu," akaniambia, "tiba hii haitamrudishia macho ya zamani. Itazuia yasiharibike zaidi."

Konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Nyuzi zake hufungamana na kukaza, kama fito za ukuta wa udongo zinapofungwa kamba. Njia hiyo ilibuniwa Dresden, Ujerumani, katika miaka ya 1990, na matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003.

Nikatoa daftari, nikaandika namna tatu. Ya kwanza ni ile ya Dresden: ngozi nyembamba ya juu ya konea hukwanguliwa, matone hutiwa nusu saa, na mwanga hafifu humulikwa nusu saa nyingine. Maumivu hudumu siku kadhaa, na kidonda chaweza kuingiwa na vijidudu, lakini ndiyo iliyofuatiliwa miaka mingi zaidi. Ya pili hutumia mwanga mkali zaidi, kwa mfano mara tatu, kwa dakika 10. Jumla ya nguvu ni ile ile, ila kazi yake huelekea kuishia karibu na uso wa konea. Ya tatu haikwangui kitu. Maumivu ni machache, lakini ngozi ile huzuia vitamini na hewa ya oksijeni kupenya, na katika taratibu zake za awali wengi hawakupata kinga iliyo sawa na ya kwanza. Tena, konea ikipungua chini ya milimita 0.4, mionzi yaweza kudhuru tabaka la ndani. Kuchelewa, basi, hupunguza nafasi ya kuchagua.

Nakiri kwamba moyo wangu uliielekea ya tatu. Nilijiambia namwonea mtoto huruma. Kumbe nilikuwa nakwepa kumsikia akilia. Yeye akamwuliza daktari, "Ipi inajulikana zaidi kwamba inazuia?" Akajibiwa, ya kwanza. Akasema, "Basi hiyo, Babu."

Siku tatu alikaa chumbani, madirisha yamefunikwa kwa khanga za bibi yake, nami nikimtilia dawa kwa saa. Alilia kweli.

Baada ya mwaka mmoja vipimo vilikuwa vile vile. Bado anahitaji lenzi ngumu ili asome. Jirani aliniuliza, "Sasa mmepata faida gani?" Nikamjibu kwamba hakuna kilichobadilika, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jicho ni kupandikizwa konea ya marehemu.

Wewe uliye mwalimu leo, ukimwona mtoto anasugua macho na kusogeza daftari puani, weka fimbo chini. Mwulize anaona nini. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa kwa mtoto mmoja.