Kiti Kilichotusubiri Kariakoo



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuwasimulia habari za muziki wa dansi, na habari za kuchelewa. Kwetu sisi mambo hayo mawili hayatengani.

Sisi ni watu wa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Makazi yetu yapo Mbezi, kando ya Barabara ya Morogoro, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki wa bendi ulitufikia huko kwa njia ya redio na kanda tu. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi zetu kubwa katika miaka ya 1970 na 1980, nasi nyimbo zile tulizijua kwa moyo. Lakini wimbo wa redioni na wimbo wa ukumbini si kitu kimoja. Ukumbini waimbaji huanza polepole, wakisimulia kisa chao. Kisha magitaa hushika kasi, tarumbeta na saksafoni huingia, tumba hupanda, na wimbo hurefuka kadiri wachezaji wanavyotaka. Kuyapata hayo, mtu wa Mbezi sharti asafiri.

Basi tulisafiri. Jumamosi jioni tulipanda daladala hadi Kariakoo, tukaunganisha hadi Ilala, tukaingia Amana kuwasikiliza Msondo Ngoma. Kurudi ndiko kulikokuwa na taabu. Usiku wa manane daladala hakuna, na teksi ya kwenda Mbezi ilizidi uwezo wetu hata tulipochangishana. Mara nyingi tulikaa hadi alfajiri, tukarudi nyumbani na usingizi machoni na fedha ya sukari imekwisha. Wake zetu walitupokea kwa ukimya ambao tuliustahili.

Tulikuwa watu wa Msondo, na kwa mtu wa Msondo, Sikinde ni mtani. Msomaji aliye kijana na aelewe kwamba utani huo ulikuwa karibu sawa na ule wa Simba na Yanga. Bendi yetu ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hatimaye Msondo. Tukaiita baba ya muziki. Wapinzani wetu, Mlimani Park Orchestra, walianza mwaka 1978, na tangu mwaka 1983 wakawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Ngoma yao ni Sikinde, na maskani yao ilikuwa ukumbi wa DDC Kariakoo. Sisi tuliupita mlango wa ukumbi ule mara nyingi. Hatukuingia hata siku moja.

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa mtu wa Sikinde. Kila alipotushonea suruali alitualika. "Jamani, njooni Kariakoo mara moja tu. Kiingilio nitalipa mimi." Tulimcheka. Tulimwambia kwamba mtoto hawezi kumwalika baba yake ngomani. Naye alicheka, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Mwaliko huo aliurudia kwa miaka minne au mitano.

Kisha figo zikamsumbua. Safari za mjini zikamshinda, akabaki na redio yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Tulipokwenda kumjulia hali hakututania tena, wala hakutualika. Alifariki wakati wa masika. Tulibeba jeneza lake katika tope, na tukiwa njiani kurudi hakuna aliyetaja bendi yoyote.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili jioni, tuliingia DDC Kariakoo. Tulikaa nyuma, kama wageni wanaojijua. Mzee mmoja alitujia, tukamwamkia, akatuuliza tumetoka wapi. Tukamjibu kwamba tumetoka Mbezi, kwa marehemu fundi. Mzee akatutazama kwa kitambo. "Ninyi ndio wale wa Msondo? Alikuwa akituambia kwamba siku moja mtakuja naye. Njooni mbele, wanangu." Akatupeleka kwenye meza iliyo karibu na wapiga magitaa. Huko, alisema, ndiko alikopenda kukaa.

Bendi ikapiga. Magitaa yale yalisukana kama ukili mikononi mwa msusi, nasi tulisikia uzuri ambao marehemu alitaka tuusikie pamoja naye. Tuliusikia bila yeye.

Kilichotuumiza zaidi tulikuwa tukikijua siku zote. Muhiddin Maalim Gurumo, sauti tuliyoiona kuwa mali ya Msondo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Alifariki dunia Aprili 2014, akililiwa na pande zote mbili. Hassan Rehani Bitchuka naye aliimba huku na huku. Wanamuziki wenyewe waliuvuka mpaka ule kama mtu avukaye barabara. Ni sisi wasikilizaji tuliougeuza kuwa ukuta, na ukuta huo haukumzuia Gurumo wala Bitchuka; ulimzuia fundi cherehani asikae na majirani zake Jumapili moja.

Utani wenyewe si dhambi. Bado sisi ni watu wa Msondo, na tutabaki hivyo. Lakini mtu anayekualika mara ya tatu, ya nne, ya tano, huenda hazungumzii ngoma tu. Anakuomba ukae naye. Nauli ya daladala tulikuwa nayo, na njia ya Kariakoo tuliijua vizuri.

Juma hili, mpendwa msomaji, mkumbuke mtu ambaye mwaliko wake umeucheka mara nyingi. Kama bado anaalika, nenda.

Tunawatakia juma jema.