Bob Seger: Miaka Kumi ya Kusikika Michigan

Bob Seger, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa roki kutoka jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa nyota kwao kwa karibu miaka 10 kabla ya majimbo mengine kumtambua. Alizaliwa Detroit tarehe 6 Mei 1945, akakulia Ann Arbor. Baba yake aliajiriwa na kampuni ya magari ya Ford na alikuwa pia mpiga muziki. Seger alipokuwa na miaka 10 hivi, baba huyo alihamia California, na waliobaki nyuma wakatumbukia katika ufukara. Kijana akaanza kupiga muziki na bendi za shule akingali na umri wa miaka 16.

Mwaka 1966 wimbo wake "East Side Story" ulitamba katika redio za Detroit. "Heavy Music" wa 1967 ulikuwa na nguvu zaidi, na ulielekea kuvuka mipaka ya Michigan, lakini kampuni iliyoutoa, Cameo-Parkway, ilisambaratika wakati ule ule wimbo ukipanda. Pigo hilo halikutokana na udhaifu wowote wa wimbo. Baadaye kampuni ya Capitol ilimsajili, na "Ramblin' Gamblin' Man" ukafika nafasi ya 17 katika chati ya taifa mwanzoni mwa 1969. Miongoni mwa walioitikia kiitikio chake alikuwemo Glenn Frey, kijana wa Detroit ambaye baadaye aliasisi bendi ya Eagles pamoja na wenzake. Kisha pakawa kimya. Albamu zilitoka karibu kila mwaka na kuuzwa zaidi nyumbani.

Katika miaka hiyo Seger aliishi barabarani. Bendi ilisafiri kwa gari kutoka mji hadi mji, ikipiga katika baa, vilabu vya vijana na kumbi za shule. "Turn the Page", uliotoka 1973 katika albamu ya *Back in '72*, umetokana na maisha hayo: uchovu wa njia ndefu, mgahawa wa usiku, macho ya wageni yanayomkodolea mwanamuziki mwenye nywele ndefu. Ni mmoja wa nyimbo za kweli kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu kazi ya muziki, lakini ulipotoka mara ya kwanza ni wachache waliousikia.

Studio haikuwahi kunasa kile ambacho watu wa Detroit walikijua. Sauti ya Seger ina mikwaruzo na ilijengwa juu ya muziki wa soul. Inahitaji umati wa kuijibu. Mwaka 1974 aliunda Silver Bullet Band, na usiku wa tarehe 4 na 5 Septemba 1975 maonesho yao katika ukumbi wa Cobo Hall, Detroit, yakarekodiwa. Albamu ya maonesho hayo, *Live Bullet*, ilitoka Aprili 1976. Humo "Turn the Page" unaanza na saksafoni ya Alto Reed, na toleo hilo ndilo lililokuja kujulikana kote. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa mbali alipata kuusikia ukumbi mzima ukimwimbia mtu wake. Hata hivyo pengo halikuzibika mara moja. Mwezi Juni 1976 Seger alipiga mbele ya watu wapatao 78,000 katika uwanja wa Silverdome, Pontiac, Michigan. Usiku uliofuata, huko Chicago, walikuja kama 1,000 tu.

*Night Moves* ilitoka Oktoba mwaka huo na kumaliza ubishi. Wimbo uliobeba jina la albamu, uliorekodiwa Toronto, ni wa mtu aliyevuka miaka 30 akiutazama ujana wake, na ulifika nafasi ya 4. Ikafuata *Stranger in Town* mwaka 1978, kisha *Against the Wind* ya 1980, iliyoshika nafasi ya kwanza na kupata tuzo ya Grammy.

"Like a Rock" wa 1986 ulitumiwa kwa zaidi ya miaka 10, kuanzia 1991, katika matangazo ya magari ya Chevrolet. Wapo waliomlaumu. Lakini kwa msanii wa Detroit, mji unaokula jasho la viwanda vya magari, uamuzi huo ulikuwa wa kusimama na watu wake, na lawama hizo hazimstahili.

Alipumzika jukwaani kwa miaka 10 kulea watoto wake, akarejea 2006 na *Face the Promise*. Ziara yake ya mwisho ilifungwa Philadelphia tarehe 1 Novemba 2019. Cobo Hall haipo tena kama ukumbi wa muziki: ilifungwa 2010, na nafasi yake ikageuzwa sehemu ya kituo cha mikutano.