Bakuli la Tambi na Ulimi wa Ajuza

Ni Jumapili asubuhi katika kituo kimoja cha wachuuzi wa vyakula nchini Singapuri. Jua halijapanda sana, ila viti vya plastiki vimekwisha kujaa. Juu ya meza ya pembeni pana pakiti ndogo ya tishu. Huku hiyo ni ishara kwamba meza ina wenyewe, na aghalabu watu huiheshimu. Wenyewe ni wawili: ajuza anayekaribia miaka 80 na mjukuu wake wa miaka 22. Mjukuu amesimama kwenye foleni; ajuza ameketi, macho yake hayabanduki kwenye sufuria ya mchuuzi.

Kilichowaleta ni hae mee. Katika Kihokkien, lahaja ya watu ambao asili yao ni kusini mwa mkoa wa Fujian, Uchina, hae ni kamba wa baharini na mee ni tambi. Jina ni jepesi, upishi si mwepesi. Mchuuzi hukaanga vichwa na maganda ya kamba hadi yawe mekundu na harufu ienee, kisha huyamiminia maji, huongeza mifupa ya nguruwe na kuviacha vichemke kwa saa kadhaa. Tambi za manjano huchovywa kidogo katika maji moto, zikatiwa bakulini pamoja na machipukizi ya choroko na mboga iitwayo kangkong. Juu yake hupangwa vipande vya nyama, kamba waliochemshwa na vitunguu vidogo vya kukaanga. Utamu wa mchuzi, basi, hutoka katika kile ambacho mpishi mwingine angekitupa.

Jina nalo lina vituko vyake. Mtu akivuka hadi Penang, nchini Malaysia, atakuta bakuli kama hili likiitwa Hokkien mee. Akiagiza Hokkien mee Singapuri, ataletewa tambi za kukaanga zenye kamba na ngisi. Akiagiza Kuala Lumpur, ataletewa tambi nene zilizokaangwa zikawa nyeusi kwa sosi ya soya. Jina ni moja, vyakula ni vitatu. Mwanaisimu akiketi hapa hatakosa la kuandika.

Mjukuu anarejea na mabakuli mawili. Ajuza anaonja mchuzi, anatua kijiko na kuanza kusimulia. Simulizi ni ndefu. Mikono yake inachora mkokoteni, inachora kando ya barabara, inamchora mtu anayepepea moto. Kati ya 1971 na 1986 serikali iliwahamisha wachuuzi wa barabarani na kuwaingiza katika vituo kama hiki. Kabla ya hapo vyakula vingi vya namna hii viliuzwa njiani. Yamkini anasimulia habari za babaye. Yamkini ni za marehemu mumewe. Mjukuu hajui. Anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, na kurudisha maneno machache aliyo nayo: kamba, tambi, moto, tamu.

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Je, hapa aliyeiacha mila ni nani? Mwaka 1979, Lee Kuan Yew akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza Wachina wa Singapuri waziache lahaja zao na kuzungumza Kimandarini. Kiingereza nacho kikawa lugha ya kufundishia shuleni. Mapema katika miaka ya 1980 vipindi vya lahaja vilikuwa vimeondolewa redioni na kwenye runinga. Kusudi lilikuwa umoja, na si kusudi la kubezwa. Hata hivyo, katika sensa ya 2020, ni asilimia 8.7 tu ya wakazi waliosema kwamba lahaja za Kichina ndizo wanazozitumia zaidi nyumbani. Mwaka huohuo UNESCO iliuingiza utamaduni wa vituo vya wachuuzi vya Singapuri katika orodha ya urithi usioshikika. Chakula kikatambuliwa rasmi. Lugha iliyokipa jina ikazidi kufifia.

Wanafunzi wa Kiswahili si wageni wa kisa cha aina hii. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kiliwekwa kando katika mji wake chenyewe. Lakini kijana wa Mombasa aliyesomeshwa Kiswahili sanifu angali anamwelewa nyanyake anenapo Kimvita. Baina ya Kihokkien na Kimandarini hakuna daraja hilo. Huitwa lahaja, ila masikioni ni lugha mbili.

Bakuli la ajuza limebaki maganda matupu. Mjukuu anafikiri kidogo, kisha anauliza swali ambalo Wahokkien hulitumia pia kama salamu, na ambalo nyanyake amemwuliza tangu utotoni kila aingiapo nyumbani: "Ah Ma, ciak pa buay?" Umekula ukashiba?

Ajuza anacheka. "Ciak pa," anajibu. Nimeshiba. Kisha anaianza upya ile simulizi, polepole zaidi, akielekeza kidole kwenye sufuria. Mjukuu anasogeza kiti karibu.