Baada ya Mvua Saba

Kwenye filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, gereza hujengwa ili livunjwe. Ukiona kamera inahangaika kukuonyesha milango ya chuma, walinzi na mitambo, ujue kuna mtu atatoka humo kabla hujamaliza karanga zako. Tulilijua hilo tangu enzi za vibanda umiza vya Mwanjelwa, ambako mtafsiri alitutangazia mapema, kwa sauti iliyoshinda bunduki za kwenye filamu, kwamba hapo hakuna atakayelala. Steringi hafi, na adui hafungwi akafungika.

Chukua Raft, gereza la Marvel. Kwenye vitabu vya katuni liko kisiwani, karibu na New York. Kwenye filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016 limezamishwa baharini, na huibuka juu ya maji pale tu helikopta inapotaka kutua. Pamoja na ulinzi wote huo, filamu inaisha Captain America akiwa ameshawafuata rafiki zake humo ndani. Katuni za New Avengers zenyewe zilianza mwaka 2005 kwa wahalifu kutoroka Raft kwa makumi, umeme ulipokatika. Arkham nayo, ambako Batman huwapeleka wahalifu wenye matatizo ya akili, imekuwepo tangu 1974, na Joker ameshatoroka humo mara zisizohesabika. Hata daktari hasalimiki. Harley Quinn, aliyebuniwa mwaka 1992, alikwenda kumtibu Joker akaishia kuwa mwenzake.

Sababu yake ni biashara. Katuni inayotoka kila mwezi inataka adui kila mwezi, na adui aliyependwa na wasomaji hauawi wala haachwi atubu. Gereza linakuwa ghala: mzigo unawekwa, bei ikipanda unatolewa. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni kwamba uovu lazima uadhibiwe. Kumtia adui ndani kukaitimiza kanuni hiyo bila kumpoteza mtu anayeuza nakala.

Anayekosekana ni mfungwa aliyemaliza siku zake, akarudishiwa nguo alizoingia nazo, akatafuta daladala. Namkumbuka mmoja tu, Scott Lang wa Ant-Man, filamu ya 2015. Anatoka San Quentin, gereza la kweli la California, anapata kazi ya kuuza aiskrimu, na bosi wake anamfukuza mara tu anapojua alikotoka. Kipande hicho ni cha kuchekesha na hakichukui muda mrefu. Baada ya hapo filamu inamrudisha kwenye wizi kisha inampa suti ya kumfanya awe mdogo kama sisimizi, na suala la ajira linaishia hapo.

Baba yangu mdogo alikula mvua saba, yaani miaka saba jela. Kosa lake sitalieleza, ameshalieleza yeye vya kutosha. Alianzia mahabusu ya Ruanda, Mbeya mjini, gereza ambalo nchi nzima ililisikia mwaka 2018 pale Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, mbunge wa mji wenyewe, alipohukumiwa miezi mitano mwezi Februari kwa maneno aliyomsema Rais. Sugu alitoka tarehe 10 Mei akarudi bungeni. Kiti chake kilikuwa kinamsubiri.

Baba mdogo hakuwa na kiti. Kwa nidhamu nzuri alipunguziwa theluthi, kama ilivyo kawaida, hesabu ikashuka chini ya miaka mitano. Hakuna ukuta uliobomoka. Pale nyumbani, Uyole, bibi alichinja kuku, majirani wakaja, wakala. Wiki haikuisha televisheni ikahamia chumbani na mlango wa stoo ukanunuliwa kufuli. Hakuna aliyesema neno. Na kwa kuwa yeye ndiye fundi seremala wa ukoo, aliitwa yeye aje alifunge komeo. Akalifunga vizuri, skrubu nne, akaomba maji ya kunawa.

Nchi yetu ina milango mingine ya kutokea gerezani, tena imeandikwa: Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, na msamaha wa Rais ambao wafungwa huuhesabia sikukuu za kitaifa. Hakuna iliyotungwa kuhusu kufuli la stoo.

Kilichomhamisha Uyole hakikuwa kufuli hata hivyo. Ni mwanawe. Shuleni wenzake walimwita mtoto wa mfungwa, na jina likamganda hata baba alipokwisha kutoka. Watunzi wa Batman waliwahi kuligusa hili, na hapo nawavulia kofia: Bane, aliyeanza kuonekana mwaka 1993, amezaliwa ndani ya gereza la Peña Duro kwa sababu sheria ya nchi yao ya kubuni inamtaka mtoto atumikie kifungo cha baba yake. Tulipoisoma tuliona ni ukatili wa kubuniwa na Wazungu.

Kwa hiyo wakahamia Iringa, upande wa Ipogolo, kwa wakwe. Huko ukisalimia "kamwene" unaitikiwa kabla hujaulizwa ulitoka wapi. Nilipomtembelea tulikwenda Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa. Mtwa yule alijiua Julai 1898 Wajerumani walipomkaribia, asikamatwe. Wakamkata kichwa wakaondoka nacho. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na bado fuvu lilifika mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Twining kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Baba mdogo alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko wageni wengine. "Huyu alikataa kufungwa," akasema, "wakamfunga akiwa hasikii." Kisha akamuuliza mwongozaji kama lile kabati la kioo ni mninga. Mambo ya mafundi.

Ipogolo nako habari zilifika, zikiletwa na mgeni wa msibani kutoka Mbeya. Kikoba chao kilikuwa kinatafuta mweka hazina na jina lake lilikuwa limeshatajwa. Mama mmoja akasimama akauliza kama yanayosemwa ni kweli. "Ni kweli, mama," akajibu. "Saba, wakanipunguzia."

Kura hazikutosha, alichaguliwa mwalimu mstaafu. Lakini kabla kikao hakijafungwa mwenyekiti alipendekeza wampe kazi ya kufuatilia madeni, wakakubaliana bila kupiga kura. Walichokuwa wanakifikiria kilikuwa wazi, na yeye alikielewa. Aliikubali. Hajawahi kumkaripia mdaiwa hata mmoja. Anabisha hodi, anakaa, anakunywa chai. Marejesho ya kikoba hayajachelewa tangu hapo.