Fungua Lenzi Kidogo

Chumba kilichokuwa chumba changu cha giza, nyumbani Kaloleni, Arusha, sasa kina mwanga kuliko vyumba vyote vya nyumba hii. Mjukuu wangu amesimika humo taa ya duara, meza nyeupe na vishikio viwili vya kamera. Alikichagua kwa sababu hakina dirisha na kelele za bodaboda haziingii. Humo hukagua vifaa. Simu mpya ikiingia mjini, kamera ya kubandika kwenye kofia, maikrofoni ya kubana kwenye kola, spika za masikioni, pawabanki, yeye huletewa boksi, hulifungua mbele ya kamera nyingine, hugeuzageuza kilichomo kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, kisha huwaambia watu wanunue au waache. Maelfu humsikiliza. Mimi niliyepiga picha mjini hapa tangu 1972 hadi mkanda ulipokosa mnunuzi, sijawahi kusikilizwa na watu mia kwa mpigo, labda harusini nikiwaomba wasogeleane.

Wazee wenzangu tunaokunywa nao kahawa karibu na Soko Kuu wana hukumu yao tayari: kizazi hiki kinaabudu vitu. Nakaa kimya, kwa sababu nakumbuka redio ya baba. Mimi ni mtoto wa Meru, nimezaliwa mwaka ule wa 1951 watu wetu walipofukuzwa Engare Nanyuki, na katika nyumba tuliyokulia redio ilikuwa na kiti chake peke yake. Ilivaa kitambaa alichofuma mama, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa alikiona cha moto. Februari 1967 Azimio la Arusha lilipotangazwa, watu walijaa uani kwetu kulisikiliza, ilhali vikao vilivyolizaa vilikuwa vimekaliwa mjini, chini yetu tu. Lilishuka kwanza Dar es Salaam, ndipo likaturudia kwa hewa. Betri zikichoka tulizianika juani kama mahindi, zitukopeshe jioni moja zaidi. Baadaye, Philips walipokuwa wakiunganisha redio hapa hapa Arusha, kijana aliyeoa bila redio alisengenywa. Tuliabudu sana. Ni vile tu madhabahu yetu ilikuwa na kitu kimoja.

Ninachojiuliza mimi ni nani hukipima kifaa, na kwa kipimo cha wapi.

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Yashica Electro 35, niliyoinunua kwa mtalii aliyeishiwa nauli. Magazeti ya picha ya ng'ambo yaliisifu, na sifa zilikuwa za haki: lenzi kali, shata isiyosikika, unachagua uwazi wa lenzi nayo inajipangia kasi. Hakuna gazeti lililouliza betri yake ya volti 5.6 inauzwa duka gani Arusha. Haikuuzwa. Niliagiza Nairobi. Na betri ikifa, kamera ile hupiga kwa kasi moja tu, sehemu moja ya mia tano ya sekunde, ambayo ni kasi ya jua la mchana. Harusini jioni inakupa giza tupu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Namanga ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kamera ya sifa ikawa pambo la kabati. Iliyonilisha miaka ile ni Zenit ya Kirusi, nzito kama tofali, yenye shata ya kumwamsha maiti. Kipima mwanga chake kilikuwa cha seleniamu, kinaishi kwa mwanga wenyewe, hakidai betri. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba Zenit ni bora kuliko Yashica, na Tokyo wala London isingekuwa kweli. Arusha ya 1979 ilikuwa kweli kabisa.

Karatasi za picha ndizo zilikuwa dhahabu. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, na watu wakawa wanatupa mtoni vitu walivyovinunua kwa jasho lao, nilifukia pakiti mbili za karatasi na kamera isiyo na risiti ndani ya kihenge cha mahindi. Panya walizitafuna pakiti pembeni, giza la kihenge likaziokoa. Kama unamjua mtu wa hapa mjini mwenye picha ya kitambulisho ya mwaka ule iliyokatwa kona, ni mimi, na ni panya.

Lakini kasoro iliyonitesa kuliko ya betri ilikuwa ya rangi yetu. Mikanda ya rangi ilipoanza kupatikana kwa wingi, nyuso zetu zilitoka kama mashimo: meno, weupe wa macho na shati. Wateja wengi walinilaumu mimi. Wengine walijilaumu wenyewe, na hao ndio walioniuma. Mama mmoja wa Ngarenaro aliniambia kwa upole, "Mwanangu, usijisumbue, mimi ni mweusi mno kwa picha." Alilipa, akazichukua, akazifunika kwenye khanga. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba maabara za Kodak zilikuwa zikilinganisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na kwamba malalamiko yaliyosaidia kusukuma marekebisho yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia moja ionekane tofauti na nyingine. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Kabati lilisikilizwa kabla ya yule mama.

Sisi wapiga picha tulikuwa tumeshapata dawa bila kusubiri kiwanda. Kipima mwanga kikikupa jibu, usikitii moja kwa moja: fungua lenzi kidogo, hatua moja, mara nyingine moja na nusu. Msogeze mtu mlangoni, mwanga umguse ubavuni. Ukuta wa nyuma yake usiwe mweupe, maana weupe humdanganya mpimaji na kumzamisha mpigwaji. Bibi harusi yuko ndani ya gauni jeupe, bwana harusi ndani ya suti nyeusi, umpime nani? Pima shavu la bwana harusi, gauni tutalitetea wakati wa kusafisha. Elimu hiyo ilitembea kwa mdomo, studio hadi studio, Arusha hadi Moshi. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wetu wa vifaa. Hatukuuita jina, hatukuurekodi, na wengi waliokuwa nao wamekwenda nao makaburini.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka ya tisini, bidhaa zilipokuwa zimejaa tena madukani, mfanyabiashara mmoja aliniletea kamera ya plastiki yenye flashi, bure, kwa sharti la kuisifu kwa kila aliyeingia studio. Nikaisifu. Niliwashawishi watu kumi na wanne. Najua idadi kwa sababu kamera kumi na moja zilirudi, flashi zimekufa, na wenyewe hawakuzipeleka dukani walikozinunua, walizileta kwangu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliiweka yake mezani, akanitazama, akaondoka bila neno. Hakudai fedha. Natamani angedai.

Kwa hiyo nilipoona boksi la kwanza la mjukuu wangu limeletwa bure na muuzaji, nilimsimulia habari ya yule mwalimu, basi. Sikuongeza neno. Siku hizi huanza kwa kuwaambia watazamaji kifaa amekipata kwa nani, na hatoi hukumu kabla ya wiki tatu. Imemgharimu. Baadhi ya wafuasi wake wamehamia kwa kijana mwingine anayehukumu siku ile ile, boksi bado lina harufu ya kiwandani.

Kati yangu na yeye kuna kizazi kisichosifiwa inavyostahili, cha mafundi wa miaka ya elfu mbili. Simu zilipanda vijiji vya mlimani kabla ya umeme. Mtu mmoja alishuka mjini asubuhi na simu za majirani watatu mfukoni, akazilipia kuchaji kibandani, akapanda nazo jioni. Ndipo Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa hapa hapa Arusha, alipotengeneza chaja inayopata nguvu kwenye gurudumu la baiskeli. Ikaja pia kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa na Jodie Wu, binti aliyetoka kusoma chuo cha MIT kule Marekani, ikauza chaja za namna hiyo pamoja na mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Nasikia watu wakizungumzia uvumbuzi kana kwamba lazima uvae koti jeupe. Ule ulikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Na simu yenyewe wanavijiji walikwisha kuihukumu: Nokia 1100, iliyotoka 2003, yenye tochi kichwani na vitufe visivyoingiza vumbi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Walioichora walikuwa wamejiuliza maswali ya kijijini. Baadaye feki zikafurika, mpaka Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozizima usiku wa manane. Tulikuwa tumeelekezwa tubonyeze *#06# kisha tutume namba zile kwenda 15090 kujua kama simu ni halali. Mke wangu alikataa, akasema simu yake haiumwi. Asubuhi haikuamka.

Mara ya kwanza nilipomsikiliza mjukuu wangu akikagua, alikuwa anasoma boksi kwa sauti: megapikseli 108, betri ya miliampea-saa 5,000. Nikamuuliza, "Umepimia wapi?" Akasema, "Hapa mezani, babu." Nikamwambia Mlima Meru uko nyuma ya nyumba.

Sikutegemea angekwenda. Alikwenda, na simu tatu na pawabanki mbili, akaingilia lango la Momella pamoja na askari mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati, akalala Miriakamba, akalala Saddle, na usiku wa kuamkia siku ya tatu akaanza kukwea kuelekea mita 4,566. Simu ya bei kubwa ndiyo iliyozima ya kwanza, ikionyesha chaji nusu nzima. Mmoja wa wale wagumu, kama tunavyowaita wapagazi wa milima yetu, alicheka, akaingiza mkono kwapani, akatoa kisimu chake kimevishwa soksi, kiko macho. Baridi huidumaza betri bila kuimaliza. Irudishie joto, itaamka. Wagumu walilijua hilo kabla ya wakaguzi. Kilele chenyewe ramani hukiita Socialist Peak, na hapo simu ya milioni mbili na ya laki mbili huzima sawasawa. Nadhani Mwalimu Nyerere angetabasamu.

Alirudi midomo imepasuka, na ukaguzi wake tangu siku hiyo umebadilika. Anauliza kioo chake kinabadilishwa na fundi gani mjini na kwa kiasi gani. Anaining'iniza simu kwenye usukani wa bodaboda hadi Oldonyo Sambu na kurudi, kisha anaonyesha vumbi lililoingia kwenye tundu la chaja. Bado kuna mambo yake yananishinda. Droo yake ina simu tisa zisizo na kosa lolote ila umri wa miaka miwili. Na betri zilizogandishwa kwa gundi, mwenye mali asiweze kuifungua mali yake, hizo sitazikubali mpaka nizikwe.

Wiki iliyopita aliniita kule chumbani. Alikuwa na simu tatu mezani, anataka kujua ipi inapiga uso wa mtu mweusi vizuri, maana kuna kampuni, Tecno mojawapo, zinazojigamba kwamba zimezitengeneza kamera zao zitutambue. Akanikalisha, akanipiga kwa zote tatu. Ya kwanza ilinifuta mikunjo yote na kunichubua. Nilifanana na mtu aliyekula pensheni ya mwenzake. Ya pili ilinirudisha miaka ya themanini, meno na shati. Ya tatu ilinikaribia, ila taa ya duara ilikuwa imenitia pete mbili nyeupe machoni kama bundi.

"Ipi, babu?"

"Hakuna. Fungua lenzi kidogo."

"Babu, lenzi za hizi hazifunguki. Uwazi wake ni ule ule mmoja."

Nikamwambia basi mimi sina la kusema zaidi, nikanyanyuka nikanywe chai. Alibaki ameinamia zile picha. Nilikuwa sijafika ukumbini nikasikia swichi. Alikuwa amezima taa ya duara. Akatoka na ile simu ya pili, ya meno na shati, akanishika mkono hadi mlango wa uani, akanigeuza bega ili mwanga wa saa kumi uniguse ubavuni, akainua simu. Kisha akaishusha, akautazama ukuta uliokuwa nyuma yangu. Tuliupaka chokaa mwezi wa pili. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akaanua khanga ya bibi yake, akaitundika.