Baba mkwe ampa mkwe treni mbovu aitengeneze, alichokiacha ndicho kilicholeta kesi

Heshima nayo ikizidi inageuka dharau. Ukibisha, sikia ya kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi Manchester, Uingereza, na baba mkwe wake, mzee wa Mombasa aliyehamia huko zamani.

Mzee ni mtoto wa reli. Baba yake alikuwa fayamani kwenye treni za mvuke za Mombasa hadi Nairobi, enzi za yale madude ya Garratt, Class 59. Kwa wasiojua, yalikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na yalitengenezwa hapo hapo Manchester, kiwanda cha Beyer Peacock, mwaka 1955 na 1956.

Basi mzee alipotulia na maisha akanunua boksi la vipande vya chuma vya kuunganisha injini ndogo ya mvuke. Siyo Garratt, ni kainjini ka Kiingereza ka magurudumu sita, kipimo cha 1:76, kanaenea kiganjani. Akakaunganisha kwa gundi usiku, watoto wamelala. Kabatini kalipendeza, ila kutembea ndiyo ikawa shida. Kanachechemea nusu mita, kanazima.

Miaka ikaenda, mikono ikaanza kumtetemeka. Akamwita mkwe wake, ambaye ni fundi simu. "Mwanangu, kazi yako hii. Kafanye katembee."

Jamaa akakatumbukiza kwenye maji ya moto, gundi ikalegea, akakafungua. Ugonjwa ulikuwa kwenye magurudumu. Vile vyuma vya pembeni vinavyoyaunganisha, cha kulia na cha kushoto lazima vipishane robo mzunguko, nyuzi 90, na ekseli zote tatu zikubaliane. Moja ikikosea kidogo, vyuma vinakabana. Mzee alikuwa amepima kwa macho.

Akafunga chasisi mpya ya shaba, mota mpya na gia zake. Vishikio vilivyomwagwa pamoja na bodi akavikwangua, akaweka vya waya. Bodi ni mchanganyiko wa bati na risasi, ukiigusa na pasi ya lehemu yenye moto wa kawaida inayeyuka kama siagi. Kwa hiyo akatumia lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu.

Kitu kimoja hakukigusa: bomba la moshi, lililoinamia kushoto. Mkewe akamuuliza kulikoni. "Hiyo ni alama ya mkono wa baba. Siifuti."

Maneno matamu, ungeyakuta Instagram ungeweka kopa.

Siku ya kukabidhi ikafika. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kainjini kakazunguka reli raundi tatu, taratibu, bila kukwama. Mzee akacheka mpaka machozi. Halafu akainama.

"Na hili bomba?"

Jamaa akaeleza. Uso wa mzee ukabadilika.

"Unadhani mimi sikuliona? Miaka yote hii naliona kila nikipita hapo kabatini. Nilikosea, gundi ikakauka, nikasema nitalinyoosha. Sasa wewe umelifanya ukumbusho, kama vile nimeshakufa."

Sebule nzima kimya.

Ndivyo wazee wengi wanavyofanyiwa. Mkono ukianza tu kutetemeka, watu wanaanza kutunza makosa yake kama picha ya ukutani, wala hawamuulizi kama bado anataka kuyarekebisha. Wanaita heshima. Kumbe mwenye kazi yupo, ana akili zake na bado anajua alitaka iweje. Swali lilikuwa dogo tu: "Baba, hili tulifanyeje?"

Jamaa akaomba radhi, maji yakachemshwa tena. Yeye akashika bomba, mzee akakaa mbele, jicho moja kafumba, anaamuru. "Kulia. Kidogo. Umezidisha, rudi." Ilikula karibu saa nzima, chai ikaletwa mara mbili.

Bomba sasa limenyooka. Mzee kaagiza boksi la pili, na kagawa kazi kabisa: mkwe atashika pasi, kupima atapima yeye, safari hii kwa kifaa.

Na wewe, pale nyumbani kuna kitu gani cha mzee umekiacha kama kilivyo bila kumuuliza?